Watawa wa Ndia Kuu

Mpwa wangu yuko gredi ya nane. Kama watoto wengi wa Kangemi siku hizi, aliijua Ulaya ya kale kwenye michezo ya simu kabla hajaijua nchi yake. Jumamosi moja tulikuwa tukitembea kutoka Westlands kwenda Museum Hill, magari yakinguruma juu ya vichwa vyetu kwenye Expressway, akaniuliza, "Mjomba, kwetu kuna monasteri iliyobomoka? Zile za mawe, za watawa wa kanzu zenye kofia?"

Nikamjibu kama wanavyojibu watu wazima walioshikwa pabaya: hakuna.

Tukaingia Makumbusho ya Taifa. Jengo hili lilifunguliwa hapa kilimani mwaka 1930 kwa jina la Coryndon, gavana wa kikoloni, na baada ya uhuru likapewa jina linaloeleweka. Nje tulipita sanamu ya Ahmed, tembo wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya Rais Kenyatta hadi akafa mwaka 1974. Ndani kijana akasimama kitambo mbele ya mifupa ya Mvulana wa Turkana, iliyogunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984, akahesabu miaka milioni moja na nusu kwa vidole, vikamwishia. Mimi nilikuwa bado nalitafuna swali lake. Tulipofika kwenye habari za pwani, nikaona nimemdanganya mtoto wa dada yangu. Monasteri ilikuwapo. Ilikuwa Mombasa, na watawa wa shirika lake ndio waliomlea mfalme aliyeiangamiza. Wiki tatu baadaye tukapanda treni ya SGR kwenda kuitafuta.

Neno lenyewe kwanza. Tunawaita watu hawa watawa, na tukisikia neno hilo tunafikiria shela na rozari. Lakini kutawa ni neno la pwani lililokuwapo kabla ya padri yeyote kukanyaga huko. Mwanamke wa Kiamu au wa Kimvita aliyekaa ndani, asionwe ovyo na wapita njia, alikuwa ametawa. Nyumba za mawe zilijengwa kwa hesabu hiyo: ukumbi wa nje kwa wageni, kisha vyumba vinavyofuatana kuingia ndani, kila kimoja kikiwa na siri zaidi ya kilichotangulia. Wamisionari walipotaka jina la watu waliojifungia kwa ajili ya Mungu, neno walilikuta tayari, limekaa barazani.

Na watu wa namna hiyo Afrika haikuwaazima kutoka popote. Walianzia Misri katika karne ya 3 na ya 4, Antoni akiwa peke yake jangwani, na Pakomi akiwakusanya wenzake waishi pamoja chini ya kanuni moja. Benedikto alipoanzisha nyumba yake Monte Cassino, Italia, mwaka 529, jambo hilo lilikuwa limeshaota mizizi kando ya Nile. Ethiopia wanayo Debre Damo, ambako mpaka leo mwanamume hupanda mwambani kwa kamba ya ngozi. Mwanamke hapandi kabisa. Nubia, iliyoko kaskazini mwa Sudani ya leo, ilikuwa na falme za Kikristo kwa karne nyingi, na magofu ya monasteri ya Ghazali yangali yamelala bondeni jangwani. Bwawa la Aswan lilipokaribia kuizamisha Faras miaka ya 1960, wanaakiolojia wa Poland chini ya Kazimierz Michałowski walikuta picha zaidi ya 120 kwenye kuta za kanisa kuu lililofukiwa na mchanga. Walizibandua, nyingine zikaenda Warsaw, nyingine Khartoum. Watu walidhani zimepona. Vita vya Sudani vilipoanza Aprili 2023, makumbusho ya Khartoum yakaporwa. Makumbusho nayo ni nyumba, na nyumba hubomoka.

Pwani yetu katika karne hizo ilikuwa na misikiti. Uislamu hauna watawa wa kujifungia maisha, kwa hiyo hakukuwa na sababu ya kujenga monasteri. Kule Shanga, kisiwa cha Pate, Mark Horton alichimba miaka ya 1980 akakuta msikiti juu ya msikiti, wa chini kabisa ukiwa wa miti na udongo, wa karne ya 8. Kizimkazi, Unguja, kuna maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Kilwa, msikiti mkuu wa karne ya 11 ulipanuliwa kwa matao na makuba wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta mwaka 1331 na kumsifia ukarimu wake. Kaole, karibu na Bagamoyo, kuna msikiti wa karne ya 13, makaburi ya nguzo, na makumbusho madogo pembeni.

Lakini kama ni gofu tu anatafuta kijana, la kumtosha ni Gede. Ekari 45 ndani ya msitu, ukuta wa mji, msikiti mkuu wenye kisima kirefu, jumba la mfalme, na kaburi lenye tarehe ya 802 Hijra, sawa na mwaka 1399. James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948. Hakujua majina ya wenye nyumba, akazipa majina ya vitu alivyovikuta ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Ushanga wa Venice. Mimi huwa nawaza jirani angesema nini akiyasikia majina hayo. Umeishi miaka 60, umezaa, umezika, umedai na kudaiwa, halafu unakumbukwa kwa mkasi uliopotea chini ya kitanda! Mji ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Sasa wakazi ni kima, na tangu Julai 2024 jina lake limo katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia.

Watu wa miji hiyo ya misikiti ndio waliokuwa wenyeji wakati Wareno wanatokeza. Vasco da Gama alipita Mombasa Aprili 1498, wakatazamana kwa jicho la shari, akaenda kupokewa vizuri Malindi. Uhasama kati ya miji hiyo miwili ulikuwa wa zamani kuliko yeye, naye akauingia kama mgeni anayeingia ugomvi wa mtu na shemejiye. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliichoma Mombasa. Mwaka 1528 ikachomwa tena. Malindi kuna kanisa dogo la Wareno lenye paa la makuti ambalo linahusishwa na Fransisko Ksaveri, aliyepita hapo mwaka 1542 akielekea India. Mwaka 1593 Wareno wakaanza kujenga Ngome ya Yesu kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati wa Milano, wakamhamisha Sultani wa Malindi akawa mfalme wa Mombasa, na mwaka 1597 wakaja watawa wa shirika la Mtakatifu Augustino. Wakajenga nyumba yao mjini, nje ya ngome. Waagustino hao walikuwa pia na kituo Unguja. Kanisa la Wareno pale lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 17, na Waomani walipojenga Ngome Kongwe miaka mia hivi baadaye, mabaki yake yaliingizwa ukutani. Wanaokaa leo uani kutazama filamu na kusikiliza taarabu wanalipa mgongo kanisa.

Kwa hiyo monasteri yetu haikuwa ya Zama za Kati. Ilikuja zama hizo zimekwisha, ikaja na mizinga. Nilimweleza kijana hayo kwenye treni tukiwa tumepita Voi, akaonekana kutoridhika. Nikamwambia subiri.

Hasan bin Ahmad, mfalme wa Mombasa kutoka ukoo wa Malindi, aligombana na kapteni wa ngome juu ya mambo ambayo wafalme na makapteni hugombania: ushuru, biashara, nani amsimamie nani. Mwaka 1614 alikimbilia bara, Rabai, akauawa huko kwa njama ya kapteni. Akaacha mtoto wa kiume wa miaka saba hivi, jina lake Yusuf. Mtoto akapelekwa Goa, makao makuu ya Wareno Bahari Hindi, akakabidhiwa kwa Waagustino.

Hapo mtu anahitaji kutulia kidogo. Watawa walimfundisha mtoto ambaye serikali yao imemwua baba yake. Wakambatiza Dom Jerónimo, naye akajulikana katika vitabu vyao kama Jerónimo Chingulia. Alijifunza Kireno na dini, akatumikia katika meli zao, akaoa Mkristo. Mwaka 1626 walimrudisha Mombasa akiwa mfalme, kijana wa miaka 19 hivi aliyevaa Kizungu na kwenda misa. Aliandika barua ya utiifu kwa Papa Urbano wa Nane. Kwa hesabu ya Goa, hii ilikuwa kazi iliyofaulu kuliko zote walizowahi kufanya pwani hii.

Mombasa ilimwonaje? Kwa Waislamu wa mji alikuwa mtoto wa Sultani aliyekula nguruwe. Kwa kapteni wa ngome alikuwa mwenyeji aliyepewa cheo, wa kuagizwa na kutukanwa. Ukisoma habari zake utaona mtu asiye na baraza la kukaa. Kisha zikaanza habari kwamba usiku huenda kwenye kaburi la baba yake na kuomba kwa namna ya Kiislamu. Kuna mtu alimwona akampelekea kapteni, Pedro Leitão de Gamboa, habari hizo. Mfalme naye akajua kuwa ameonwa.

Katikati ya Agosti 1631, wakati wa sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, aliingia ngomeni na watu wake kama anayekuja kuamkia. Akamwua kapteni. Wareno wa mjini wakakimbilia mahali pekee palipokuwa na kuta nene nje ya ngome, nyumba ya watawa. Walikaa humo siku kadhaa. Mfalme alijua kila sala waliyokuwa wakiisema ndani na saa ya kuisema, maana alikuwa ameisema mwenyewe miaka 12 Goa. Walipotoka waliuawa, watawa, wanaume, wanawake, na Waafrika waliokuwa wamebatizwa na wakakataa kuiacha dini hiyo. Yeye akarudia jina la Yusuf bin Hasan.

Kanisa lilikusanya ushahidi Goa mwaka uliofuata, kwa nia ya kuwatangaza waliouawa kuwa mashahidi wa imani, na ushahidi huo ndio unaotuwezesha leo kuyajua mambo haya kwa undani. Ubaya wake ni kwamba walioandika wote ni wa upande mmoja. Yusuf hakuacha waraka wa kujieleza. Wapo wanaomwita mkombozi wa kwanza, wapo wanaomwita mwasi na msaliti. Kwangu mimi ni yatima aliyelelewa na waliomfanya yatima. Siwezi kuyatetea mauaji ya wanawake waliokuwa wamejificha kanisani, wala siwezi kujifanya sielewi yalitokea wapi.

Mapema mwaka 1632 merikebu za kutoka Goa zilikuja kumtoa, zikashindwa. Baadaye mwaka huohuo akaibomoa ngome kadiri alivyoweza, akapakia mizinga, akaondoka mwenyewe. Wareno waliporudi waliikuta ngome haina mtu. Alimalizia maisha yake akiwa haramia wa baharini na kufa mwaka 1638 katika Bahari ya Shamu. Ngome ilikarabatiwa, ikazingirwa na Waomani na wenzao wa pwani kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, ikaanguka. Utawala wa Wareno kaskazini ya Rasi Delgado ukawa umekwisha, ukiacha kipindi kifupi cha mwaka 1728 na 1729 waliporudi na kutimuliwa tena. Yaliyobaki ni maneno: meza, leso, gereza, karata, mvinyo. Gereza lenyewe asili yake ni neno lao la kanisa, igreja, na wala si ajabu katika mji uliowahi kuwaona Wareno wamejifungia kanisani.

Tulishuka Miritini saa nane mchana, tukapata gari mpaka mjini, kisha tuktuk ikatufikisha langoni. Tiketi inalipwa kwa simu kupitia eCitizen, na simu yangu ilikuwa imebaki na chaji ya asilimia tatu, kwa hiyo historia ya karne tano ilinisubiri mpaka kijana alipotoa ya kwake. Waingereza waliifanya ngome kuwa jela mwaka 1895. Mwaka 1958 wafungwa waliondolewa, Kirkman yuleyule wa Gede akaja kuchimba, na kwa fedha za wakfu wa Gulbenkian wa Ureno makumbusho yakafunguliwa mwaka 1962. Ndani kuna vitu vya merikebu ya Santo António de Tanna iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 wakati wa mzingiro, na kuopolewa vyombo vyake kuanzia 1977.

Watalii hupiga picha mizinga na bahari. Uani, chini ya jua, kuna msingi wa kanisa la ngome, mistari ya mawe kimo cha goti. Kikundi cha wanafunzi kilikaa juu yake kikila viazi karai. Sikuona ubaya. Ila nilichomtaka kijana akione kilikuwa ndani, kipande cha ukuta wa lipu kilichochorwa na askari wa Kireno kwa makaa na udongo mwekundu. Kuna merikebu nyingi, matanga yake yakichorwa na mtu aliyejua kila kamba inafungwa wapi. Kuna samaki. Kuna watu wadogowadogo wenye vichwa vya duara kama vile vya mtoto wa chekechea. Na kuna kanisa, lina msalaba juu. Ukisogea karibu unaona mahali mkaa ulipokatika, mchoraji akashika kipande kingine na kuendelea, mstari ukawa mnene ghafla.

"Alikuwa anakumbuka kwao," kijana akasema.

"Au anachora ya hapa."

Hatukuamua.

Kuhusu monasteri ya mjini, ngomeni hupati gofu lake. Mbona magofu ya misikiti ya zamani zaidi yamejaa pwani nzima, na nyumba hii imefutika? Watu hudhani ni chuki, kwamba palibomolewa kwa hasira ya dini. Nadhani sababu ni nyingine, na ni ya kawaida zaidi. Mombasa haikuhamwa. Gede ilibaki kwa sababu watu waliondoka. Katika mji wenye watu, jiwe lililochongwa halikai bure. Litakuwa kizingiti cha mtu, ukuta wa choo, msingi wa duka. Nyumba isiyo na mtu wa kuiombea inaliwa na majirani. Ona kwa upande wa pili: Nguzo ya Mbaraki, upande wa Kilindini, imesimama kwa sababu watu wameendelea kuipelekea ubani na marashi, japo mashekhe huguna. Msikiti wa Kongo, Diani, wa mamia ya miaka, unasaliwa leo. Takwa, kisiwani Manda, ni gofu la serikali lenye bango, na bado watu wa Shela huvuka kwenda kuomba mvua penye kaburi la nguzo.

Nairobi tunayo hadithi ya namna hiyo, fupi tu kwa miaka. Mapadre wa Roho Mtakatifu, Wafaransa waliofika Unguja na kisha kuanzisha misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, walipanda bara na kufungua misheni nje ya kambi ya reli mwaka 1899, pale tunapopaita Lavington sasa. Walipanda mibuni ya mbegu ya Bourbon, ndiyo kahawa ambayo wakulima mpaka leo huiita French Mission. Shamba limegeuka magorofa, lakini kanisa la mawe lipo na misa inasomwa, kwa hiyo halijawa gofu. Wakaipa misheni jina la St Austin. Austin ni Augustino, amefupishwa tu na Waingereza. Kijana hupita hapo kila siku akienda shule.

Jua lilipopunguza ukali tulitoka ngomeni tukaingia Ndia Kuu, barabara ambayo Wareno waliiita Raposeira, iliyokuwa na nyumba zao na iliyoelekea upande wa watawa. Ni njia nyembamba, yenye milango ya kuchongwa, mita za stima, paka, na harufu ya mahamri. Nje ya duka moja alikaa mzee kwenye kiti cha plastiki, kikoi na kofia ya vito, na redio ndogo pajani. Nikamsukuma kijana mbele.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Watoka Nairobi?"

"Ndiyo, babu. Tunatafuta nyumba ya watawa wa Kireno. Tumesoma ilikuwa upande huu."

Mzee akaizima redio. Akamtazama kijana, akanitazama mimi, akaitazama njia mpaka kona, nyumba baada ya nyumba, kama anayehesabu wapangaji.

"Watawa," akasema. "Hapa hapana watawa, mwanangu. Waliohama hawakuaga." Akanyoosha mkono kuelekea mjini. "Mwawataka mapadri? Shikani Nkrumah Road. Mutaliona kanisa kubwa la Roho Mtakatifu. Wale wapo, ukibisha hodi wafungua."

Kijana akaniangalia. "Mjomba, si ndio walewale wa Lavington?"

Nikamwambia waliolijenga ndio walewale, tukamshukuru mzee, tukashika njia ya Nkrumah.